Chumvi Ndani ya Kopo la Bibiana

Kopo la Bibiana lilikuwa zuri kuliko chombo chochote kilichokuwa nyumbani kwa Kuruthumu, na hilo ndilo lililomtia haya hata kabla hajalibeba. Lilikuwa la bati zito, lenye pembe nne, na juu ya mfuniko wake walichorwa wanawake wawili wa Kizungu walioshika miavuli kando ya mto. Marehemu Martini, mume wa Bibiana, alilinunua Albertville, ng'ambo ya ziwa, enzi zile alipokuwa akifanya kazi melini. Alivuka nalo likiwa limejaa biskuti. Watoto walizimaliza siku ileile. Kopo likabaki, na tangu hapo Bibiana akaliwekea nyuzi, sindano na vitambaa vya altare alivyokuwa akiwashonea mapadre.

"Chukua, Mama Zuhra," alisema Bibiana, huku akizimwaga nyuzi zake kwenye ungo. "Harusi ya mwanao ni harusi yangu."

Kuruthumu alishukuru, ila shukrani yenyewe ilimtoka kwa taabu. Alikuwa binti wa Saad, mtu wa nyumba kongwe ya Ujiji, nyumba ambayo mlango wake wa nakshi ulikuwa ukitajwa hata Tabora. Sasa mlango ule ulikuwa umeegemea upande mmoja, na makopo yote ya ndani yalikuwa yamepata kutu midomoni hata vifuniko vikawa havikai. Kuja kuazima chombo kwa mjane wa ng'ambo, mtu ambaye Saad mwenyewe angemwita mgeni, lilikuwa jambo alilolifanya kwa kutazama chini.

"Ila sikiliza," Bibiana aliendelea. "Zikitoka motoni, ziache zipoe kabisa, hata katikati. Ukizifunika zingali na joto zitatoka jasho humo ndani. Kisha funika, uzibe ukingo wote kwa nta ya mshumaa, wala usifungue mpaka siku yenyewe. Na kwa mvua hizi, kaanga konzi mbili za mchele mpaka ukauke kabisa, uufunge kwenye kitambaa, uuweke chini. Mchele ule utakunywa unyevu."

"Mchele wa kuweka chini ya biskuti!" Kuruthumu alicheka. "Mwaka huu, Mama Selestini? Wa kula wenyewe tunauota."

"Konzi moja, basi."

"Usijali. Nasi kwetu tunajua kuhifadhi vitu."

Alilisema hilo kwa sauti ya juu kidogo kuliko ilivyohitajika. Bibiana aliitikia kwa kichwa, akalifunika kopo kwa kanga, akampa.

Mwaka ule unga wa ngano na sukari vilikuwa vitu adimu, vya kuitwa kwa jina. Vilipofika katika duka la ushirika, balozi wa nyumba kumi alipita mlango hadi mlango kuwaarifu watu, na kila nyumba ikapata kadiri yake. Harusi ya Zuhra ilipotangazwa, wanawake wa shina lile walikubaliana, bila kusukumwa na mtu, kwamba kila mmoja atoe kikombe cha unga na kidogo cha sukari ili wakwe kutoka Katonga wasije wakanywa chai kavu. Walileta vikombe vyao vimefunikwa kwa sahani, wakavimimina katika beseni moja mbele ya Kuruthumu. Baadhi yao walikuwa na watoto nyumbani ambao siku hiyo walikunywa uji usio na sukari.

Kuruthumu aliliona jambo hilo, na moyo ukamjaa. Akasimama katikati ya ua, akasema: "Jamani, haitapotea biskuti hata moja. Na zitakuwa kavu hivi, wakwe watazisikia zikivunjika wangali nje ya mlango!"

"Tumesikia wote," alisema Mwamvua, jirani wa ukuta kwa ukuta, mwanamke mwenye mdomo mwepesi na moyo mwepesi vilevile. "Zisipolia, utalia wewe."

Wakacheka. Unga ukakandwa kwa samli na iliki, ukasukumwa kwa chupa, ukakatwa kwa mdomo wa glasi. Sufuria kubwa lilitandazwa mchanga mkavu wa ufukweni, makaa yakawekwa chini na juu ya mfuniko. Jioni biskuti zilijaa katika nyungo tatu, na Mwamvua alipoivunja moja sikioni mwa Zuhra, bibi harusi aliruka kwa mlio wake.

Wanawake walipoondoka, Kuruthumu alibaki peke yake na kopo. Alizisubiri zipoe, kwa maana hilo la jasho hata yeye alilijua. Lakini kuhusu mchele alikuwa na fikra yake. Marehemu mama yake alikuwa akikausha migebuka kwa chumvi ya Uvinza: alimsugua samaki, akamlaza juu ya jamvi, na chumvi ikamtoa maji yote hata akawa mgumu kama ubao. Ikiwa chumvi iliweza kumkausha samaki aliyeishi majini tangu kuzaliwa kwake, ingeshindwaje na biskuti? Alifunga fungu kubwa la chumvi katika kitambaa, akaliweka chini ya kopo, akapanga biskuti juu yake safu kwa safu. Nta hakuziba. Aliona kwamba penye chumvi nta ni kazi ya bure.

Hakumwambia mtu. Alitaka sifa itangulie, kisha ndipo aeleze. Alijiona tayari akiwa amezungukwa na wanawake, Bibiana akiwamo, wakimwuliza siri yake ni nini.

Harusi ilichelewa. Bwana harusi, Hamdani, alikuwa karani wa bohari huko Tabora, na mvua ilisomba tuta la reli upande wa Malagarasi, hata treni zikasimama. Habari ikaja kwamba subira inahitajika. Mvua nayo haikuwa na subira; ilishuka kutoka milimani, ikaifunika Ujiji na ziwa pamoja, hata ng'ambo haikuonekana, na nguo zilizoanikwa asubuhi zikaanuliwa jioni zikiwa nzito kuliko zilivyoanikwa. Kila mgeni aliyeingia kuuliza habari za reli, Kuruthumu alimwinulia mfuniko wa kopo kidogo. "Tazama," alikuwa akisema. "Zinasubiri." Mgeni alisifu biskuti, akasifu na wale wanawake wenye miavuli.

Habari ya treni kuanza tena kutembea ilipofika, Kuruthumu alikwenda kwenye kopo kwa furaha, akatoa biskuti moja, akajaribu kuivunja.

Haikuvunjika. Ilipinda, kama kipande cha ngozi ya kiatu.

Akatoa ya pili. Akatoa ya chini yake. Kadiri alivyoshuka ndivyo zilivyozidi kulegea, na alipofika chini kabisa vidole vyake viligusa maji. Fungu la chumvi lilikuwa limenywea nusu yake. Lililobaki lilikuwa tope. Maji ya chumvi yalikuwa yamesimama katika pembe zote nne, na bati lililokuwa jeupe liking'aa lilikuwa limegeuka rangi ya udongo.

Akaelewa papo hapo, na kuelewa huko ndiko kulikomuumiza. Kwani kila msimu wa mvua hakuwa akiiona chumvi ya jikoni mwake mwenyewe ikilia ndani ya kifuu? Samaki wa mama yake alikuwa juani, juu ya jamvi, na maji yake yalikwenda zake. Hapa chumvi ilikuwa imeyavuta maji ya hewa kila alipoinua mfuniko ajisifu, kisha ikayakalisha pamoja na unga wa watu.

"Hodi, Mama Zuhra! Treni imetoka Tabora!"

Ilikuwa sauti ya Mwamvua, na miguu yake ilikuwa tayari ndani. Kuruthumu hakufikiri. Alilinyakua lile fungu, akalisokomeza katika kunjo la kanga aliyojifunga kiunoni, akageuka. Mwamvua akafika, akaona biskuti zimetawanyika juu ya mkeka, akainua moja, ikalala juu ya kidole chake.

"Makubwa! Mama Zuhra, zimekuwaje hizi?"

Kila kikombe kilichomiminwa katika beseni kilimpitia Kuruthumu machoni. Wakati huohuo alihisi maji ya chumvi yakipenya kwenye kanga, yakimchuruzika polepole pajani, yakishuka gotini.

"Kopo," akasema.

"Kopo?"

"Hili kopo. Si lilivuka ziwa zamani hizo? Limepigwa na mawimbi, limekunywa maji. Bati likishakunywa maji halikauki tena. Mimi ningejuaje?"

Mwamvua alipiga makofi mara moja, kwa masikitiko. "Vitu vya watu wa ng'ambo! Na lilivyo zuri machoni!"

"Usimwambie mtu," alisema Kuruthumu, naye alijua anamwambia nani.

Alipotoka Mwamvua, alikwenda kuitupa chumvi nyuma ya choo. Mvua iliifuta mara moja. Mguuni palibaki mchirizi mweupe uliokauka, akausugua kwa nguvu kuliko ulivyostahili.

Neno lile lilifika kwenye bomba la maji kabla ya adhuhuri, na lilipozunguka na kurudi lilikuwa limeota mengine. Sasa ilisemwa kwamba Bibiana alilijua kopo lake tangu mwanzo. Ilisemwa kwamba mtu hawezi kutoa chombo kizuri hivyo bure bure. Zuhra aliyasikia, akamwuliza mama yake kama ni kweli, na Kuruthumu akajibu, "Achana na maneno ya bombani," jibu ambalo halikuwa ndiyo wala hapana, na ambalo usiku wake lilimkosesha usingizi.

Asubuhi Bibiana alikuja. Alikuwa na debe la mkaa kichwani na mwavuli mkuukuu mkononi, na pindo la nguo yake lilikuwa limelowa.

"Hodi hapa. Nimesikia biskuti zimelegea."

Kuruthumu alikosa pa kuyaweka macho. "Zimelegea, Mama Selestini."

"Basi tuzirudishe motoni. Biskuti iliyolegea haijafa. Leta sufuria."

Juu ya lile neno la bombani hakusema kitu. Kama alilisikia, na hapakuwa na mtu katika mtaa ule ambaye hakulisikia, hakulionyesha usoni. Alitandaza mchanga, akawasha makaa machache tu, kwa sababu safari hii, alieleza, moto ulitakiwa kuzikausha, si kuzipika. Alizipanga biskuti zisigusane, akafunika na kuacha upenyo mdogo ili mvuke upate njia. Kuruthumu alimpa vyombo kama mtoto anayefundishwa kazi. Zilizotoka kwanza zililazwa kwenye ungo, na zilipopoa Bibiana aliivunja moja. Ikalia.

"Umesikia?"

"Nimesikia," alisema Kuruthumu.

Zikaja zile za safu ya chini. Bibiana alimega moja, akaitafuna. Taya zake zikasimama. Akatafuna tena, taratibu, akameza. Aliliinua kopo, akalitazama ndani kwa muda, akalirudisha palepale.

"Mama Zuhra."

"Abee."

"Maji ya ziwa letu tunayanywa kila siku. Yana chumvi?"

Nje mvua ilikuwa imepungua, hata matone ya paani yaliweza kuhesabika. Kuruthumu alifungua mdomo. Alitaka kusema kila kitu kwa mara moja: fungu, kanga, mguu, bomba.

"Hayana," akasema.

"Basi," alisema Bibiana, akageuza biskuti zilizobaki. "Hizi za chini tusiwape wakwe. Tutakula sisi wenyewe."

Wakazila, wawili hao, kwa chai isiyo na sukari, wakitazamana kwa vipindi vifupi. Kila Kuruthumu alipomeza aliona kama anameza neno lilelile ambalo lilipaswa kutoka. Zile nzuri Bibiana alizitia katika debe dogo la samli lililooshwa na kukaushwa motoni, akayeyusha mshumaa, akaziba ukingo kwa nta pande zote. Akasahau, au akajifanya kusahau, kuondoka na kopo lake.

Harusi ikafika. Nta ilibanduliwa mbele ya wageni, biskuti zikapangwa kwenye sinia, na mama yake Hamdani, mwanamke mnene mchangamfu wa Katonga, alipoiuma ya kwanza alifumba jicho moja.

"Sikilizeni, wenzangu! Zinalia hizi! Na mvua yote hii? Huku kwenu mnajua mapishi, mmetuacha nyuma sisi!"

Wanawake wakapiga vigelegele. Ahadi ya Kuruthumu ilikuwa imetimia neno kwa neno. Ndipo Mwamvua, akiwa amekaa karibu na mlango na amechangamka, akadakia: "Zingelia zaidi, mama mkwe, kama si kopo moja hapa mtaani lililokunywa ziwa zima!"

Chumba kikalipuka kwa kicheko. Wageni walicheka bila kujua, wenyeji wakacheka kwa kujua. Bibiana alikuwa amepiga magoti akiwamiminia watu chai. Mkono ulioshika birika ulisita, chai ikatiririka kandokando ya kikombe. Kisha naye akacheka, kicheko kidogo cha adabu, cha mtu aliye ugenini. Tangu kabla ya uhuru alikuwa akiishi katika mtaa ule. Wanawe wote walizaliwa pale, na Martini alizikwa pale.

Kuruthumu alikuwa hatua chache tu kutoka kwake. Neno moja lingetosha. Akamtazama mwanawe aliyefunikwa shela, akawatazama wakwe, akajiambia kwamba siku ya mtu haiharibiwi. Akainamisha macho kwenye hina ya mikono yake, akainama hivyo mpaka kicheko kikaisha.

Harusi ilipopita, kopo lilibaki kona ya chumba. Aliliosha kwa majivu na mchanga, akalisugua kwa limau, akalianika. Kila alipolipangusa, kitambaa kilitoka na vumbi jekundu, na kesho yake kutu ilikuwa imerudi. Juu ya mfuniko, wale wanawake wawili waliendelea kutembea na miavuli yao kana kwamba hakuna kilichotokea.

Na Ujiji chombo cha jirani hakirudishwi kitupu. Hutiwa chochote, hata ndizi mbili, kikafunikwa kwa kanga safi.

"Si ulitie sukari kidogo?" alisema mumewe, Ismaili, aliyechoka kumwona akisugua. "Wakwe wameleta. Tandika karatasi chini, tia sukari juu, funika. Nani atachungulia?"

Kuruthumu alikata karatasi. Aliitandika, ikakaa vizuri, kutu yote ikafichika. Akaitazama karatasi ile, akahisi tena kitu cha baridi kikimshuka pajani. Akaitoa, akaikunja, akalichukua kopo likiwa wazi, na mfuniko akaubana kwapani.

Njia ilipita bombani. Palikuwa na jua, na wanawake walikuwa wamejipanga na ndoo zao. Mwamvua ndiye aliyemwona kwanza.

"Mama Zuhra! Unarudisha kopo tupu? Tena wazi, kama mtoto asiye na nguo? Au limekunywa hata zawadi?"

Walicheka. Kuruthumu akasimama. Alikuwa ameyapanga maneno tangu nyumbani, yote yakamponyoka, yakabaki machache tu.

"Ni chumvi," akasema. "Niliitia mimi. Fungu la chumvi, chini ya biskuti zenu. Mama Selestini alinielekeza vizuri, sikumsikiliza. Kopo lake halikuwa na kosa. Mimi ndiye niliyeliharibu. Tazameni."

Akaliinamisha ili waone. Ndoo ya mtu ilijaa, ikafurika, hakuna aliyeiondoa.

"Lakini siku ile," alisema Mwamvua polepole, "mimi nilisimama palepale. Hiyo chumvi ilikuwa wapi?"

"Ndani ya kanga yangu. Ilikuwa ikinichuruzikia mguuni nikikwambia kwamba ni kopo."

Mmoja alicheka, kicheko kikavu, akanyamaza. Mwamvua hakucheka. Aliweka mkono shavuni. "Nami nimelitangaza mpaka Katonga," akasema. "Kwa kinywa changu hiki. Mama Zuhra, umenifanya nini?"

Kuruthumu akaliinua tena kopo. Akaenda zake, macho yao yakimfuata mgongoni mpaka alipokata kona.

Bibiana alikuwa barazani. Nyuzi zake zilikuwa bado kwenye ungo, zimeshikamana rangi kwa rangi tangu siku zilipokosa kopo lao.

"Shika, Mama Selestini. Nimelileta tupu. Niliona haya kutia kitu humo. Nimewaambia pale bombani."

Bibiana alilipokea kwa mikono miwili. Alipitisha kidole chini, katika pembe moja, kisha ya pili, akakitazama kidole kilivyokuwa chekundu. Hakusema kwamba haidhuru. Kuruthumu akasimama mbele yake juani, asijue kama aondoke au abaki.

"Martini alipenda kulipangusa," alisema mwishowe. "Jumapili, baada ya misa. Mimi nilikuwa nikimcheka." Kisha akasogea kidogo kwenye mkeka. "Kaa. Zile nyuzi zinanishinda peke yangu."

Kuruthumu akakaa, akauvuta ungo, akaanza kutafuta ncha ya uzi mweupe.

Kopo halikurudi kuwekewa nyuzi wala vitambaa vya altare, kutu ingevichafua. Bibiana alilitia mkaa, akaliweka kando ya jiko. Hakuwahi kusema kwamba yale yamekwisha, wala Kuruthumu hakuwahi kuuliza. Lakini aliendelea kwenda, na kila alipokwenda, chai ikikaribia kuchemka, Bibiana alimwambia bila kugeuka, "Hebu nisogezee mkaa, Mama Zuhra." Naye akaunyoosha mkono, akawainua wale wanawake wawili na miavuli yao, akauingiza humo ndani.